Mwananchi Katika Utafiti: Mtoa Habari au Mshirika?

Vitabu vingi vya sayansi vitumikavyo shuleni humwonyesha mtafiti akiwa peke yake: yumo maabarani, amevaa koti jeupe, na mbele yake ipo mizani na mirija ya kioo. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu tu ya habari. Sehemu kubwa ya utafiti katika nchi kama Tanzania haifanyiki maabarani hata kidogo. Hufanyika shambani, machungani, ziwani na majumbani mwa watu, na kote huko mtafiti huwakuta wenyeji waliomtangulia kuishi, kutazama na kujaribu.

Wenyeji hao wana nafasi gani katika utafiti? Je, ni watoa habari tu, ambao huulizwa maswali, hujibu, na hawasikii tena yaliyotokea? Au ni washirika, yaani watu wenye fungu lao katika kuuliza swali, katika kupima, katika kutafuta maana ya vipimo, na katika kuyatumia matokeo? Wengi hulichukua jambo hili kuwa la adabu: mgeni akiingia kijijini hupiga hodi. Adabu yapasa kuwapo, lakini hoja ya makala haya ni ya kisayansi zaidi. Swali likiulizwa vibaya, vipimo vyaweza kuwa sahihi kabisa na jibu likawa halifai kitu. Na mara nyingi mtu ajuaye kwamba swali limeulizwa vibaya ni yule ambaye hakuulizwa.

Wauza aiskrimu wa Tanga

Mfano mdogo utasaidia kufungua njia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Mkoa wa Tanga. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, na kuyaweka katika friji. Siku moja, kwa kuchelea kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka maziwa yake yangali ya moto, na mwenzake akaweka yake bila kuyachemsha. Ya Mpemba yakatangulia kuganda. Alipotaka maelezo darasani, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa tu. Jambo lililomzuia asilitupe swali lake halikutoka shuleni. Rafiki yake mmoja, aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, alimweleza kwamba yeye huutia mchanganyiko ndani ya friji ukiwa wa moto, makusudi ugande upesi.

Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba alimwuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka. Osborne hakulicheka swali. Alirudi Dar es Salaam akataka jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education. Tangu hapo jambo hilo limejulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Uaminifu wa kisayansi wadai habari hii isiishie kwenye sifa. Wanafizikia hawajakubaliana juu yake mpaka leo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao pamoja na uchunguzi wa vipimo vya watu waliowatangulia, na hitimisho lao likawa kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto huganda kwanza. Wengine wanashikilia kwamba hutokea katika hali fulani, kwa sababu ya mvuke upoteao, mikondo ndani ya maji, au namna chombo kinavyogusana na barafu iliyo chini yake. Kwa hiyo haifai kusema kwamba fundi wa aiskrimu alikuwa na jibu. Alikuwa na kitu cha kwanza kuliko jibu: jambo aliloliona mara nyingi katika kazi yake, ambalo kitabu hakikulitaja. Jina la mwanafunzi limo katika makala ya 1969 kama mwandishi. La mwuza aiskrimu halimo.

Wazo lilivyoota mizizi Tanzania

Katika miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa mojawapo ya mahali ambapo wazo la kuwafanya wananchi kuwa washirika wa utafiti lilipewa jina na kufanyiwa kazi. Budd Hall, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam, aliandika juu yake mwaka 1975. Marja-Liisa Swantz, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Finland aliyekuwa ameishi nchini tangu miaka ya 1950, alilijaribu kwa vitendo akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye katika mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana pamoja na Akademia ya Finland katika vijiji vya magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo. Watafiti walikaa vijijini, nao walifanya mikutano na semina ambamo wakulima na wafugaji walijadili mambo yao wenyewe, siyo fomu iliyochapwa mjini. Upande wa pili wa dunia, nchini Colombia, Orlando Fals Borda na wenzake walikuwa wakifuata njia iliyofanana na hiyo, na mwaka 1977 mkutano mkubwa wa fikra hizo ulifanyika mjini Cartagena.

Hata hivyo maneno ya semina hayatoshi kumshawishi mwanafunzi wa sayansi. Yeye atauliza: je, kuna mahali ambapo ushirika huo ulibadili matokeo ya kazi, na yakaweza kupimwa? Mfano ulio bora nchini ni wa Shinyanga.

Nchi iliyofyekwa

Msomaji akitazama ramani ataona Shinyanga kusini mwa Ziwa Victoria. Mkoa wa wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wa sasa, kwa kuwa sehemu yake ya mashariki ikawa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima na wafugaji wa ng'ombe wengi, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu.

Zamani pori la huko lilikuwa na mbung'o, wadudu wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1930 mji wa Shinyanga ulikuwa makao ya idara ya serikali ya kikoloni ya utafiti wa mbung'o, chini ya C. F. M. Swynnerton. Ilijulikana kwamba mbung'o huhitaji kivuli cha vichaka, na kwamba kivuli kikiondolewa hutoweka. Basi vichaka vikafyekwa kwa maelfu ya ekari, na jibu hilo lilikuwa sahihi: mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka. Wasukuma walishiriki katika kazi hiyo kwa shoka na panga. Lakini kushiriki kwa mikono si kushiriki kwa fikra, na swali la pili, yaani nchi itakuwaje baada ya miti kwisha, halikupewa uzito uleule.

Mambo mengine yakaongezeka juu ya hilo. Mashamba ya pamba yalipanuka. Watu na mifugo wakazidi. Uhamishaji wa wananchi kwenda vijijini, uliofikia kilele chake miaka ya 1974 hadi 1976, uliwaweka watu wengi mbali na ardhi waliyokuwa wakiitunza. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za mkoa zilikuwa uwanda mtupu wenye vumbi na makorongo. Wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na mahali pengine samadi na mabua yalichomwa badala ya kuni, ingawa samadi ndiyo iliyokuwa mbolea ya shamba. Rais Julius Nyerere aliizuru Shinyanga katikati ya miaka hiyo, na hali aliyoiona ilisukuma kuanzishwa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, mwaka 1986. Norway iligharimia sehemu kubwa ya kazi, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-misitu, ICRAF, kikaja kushiriki kwa upande wa sayansi.

Kutoka kitalu hadi ngitili

Desturi ya kazi za misitu ya wakati ule ilikuwa kuanzisha vitalu, kuotesha miche, mara nyingi ya miti ya kigeni ikuayo upesi, na kuigawa kwa wananchi. Kazi hiyo ilikuwamo katika HASHI pia, hasa mwanzoni. Swali lililokuwa nyuma yake ni hili: je, mti gani upandwe Shinyanga? Ni swali la haki kwa mtaalamu wa misitu. Hata hivyo lina dhana iliyojificha ndani yake, kwamba miti haipo na kwamba wenyeji hawana utaratibu wao wa kuitunza.

Maofisa walipokwenda kijiji kwa kijiji na kukaa na wazee, walikutana na neno ngitili. Ngitili ni sehemu ya ardhi ambayo Wasukuma huifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie. Majani huota na kukua mpaka mvua zikome, miti nayo huchipua bila kusumbuliwa. Kiangazi kinapokaza, kwenye mwezi wa Julai au Agosti, malisho ya kawaida yakiwa yamekwisha, ngitili hufunguliwa na kulishwa kwa vipande: kimoja kikimalizika ndipo cha pili huguswa. Ngitili nyingine ni za familia, za hekta chache. Nyingine ni za kijiji au kitongoji na huwa kubwa zaidi. Kusudi lake la asili lilikuwa kuwapa ndama, ng'ombe wa maziwa, na maksai wa kulimia kitu cha kula katika miezi ya shida. Miti ilikuwa faida ya ziada.

Basi swali likageuka. Badala ya kuuliza ni mti gani upandwe, liliulizwa: ni nini kinachozuia miti iliyopo isikue? Badiliko hilo ndilo kiini cha habari yote ya Shinyanga. Wendelin Mlenge, aliyeongoza mradi na kuandika juu yake, alieleza ngitili kuwa utaratibu wa wenyeji wenyewe uliofufuliwa, wala si mtambo mpya ulioletwa.

Mwanafunzi wa biolojia aweza kuona sababu yake. Mche utokao kitaluni una mizizi mifupi, na mingi hukatika wakati wa kuhamishwa. Huhitaji kumwagiwa maji katika nchi ambayo watu wenyewe hawana maji ya kutosha. Udongo mweusi wa mbugani hupasuka wakati wa kiangazi na kuikata mizizi michanga. Mchwa humaliza kazi. Kisiki kilicho hai ni kitu tofauti. Juu yake huonekana chipukizi lenye urefu wa kiganja, ambalo mbuzi hulikata kila linapotokeza, lakini chini yake imo mizizi ya mti mzima, iliyokwisha kufika kwenye unyevu na yenye akiba ya wanga. Kisiki hicho kikipumzishwa misimu michache hupanda kwa nguvu ambazo mche hauwezi kuzipata kwa miaka mingi.

Hata kalenda ya ngitili ina maana ya kifiziolojia. Majani ya kudumu hutengeneza chakula wakati wa mvua na kukirudisha mizizini msimu unapokwisha. Mnyama akiyala katikati ya ukuaji, mmea hulazimika kutoa akiba ili kuchipua upya; ikirudiwa mara nyingi akiba huisha na mmea hufa. Akiyala yakiwa yamekauka na kulala, hasara kwa mizizi ni ndogo. Wazee hawakusema wanga wala fiziolojia. Walisema ardhi hufungwa wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa njaa ya ng'ombe, na wakati huo ndio ule ambao mtaalamu wa malisho angeupendekeza.

Hapa pana jambo la kutajwa kwa kupita. Haikuwa mara ya kwanza ujuzi wa Usukuma kuingia katika sayansi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, Usambara, alieleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kwa utaratibu kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni. Majina ambayo Wasukuma huyatumia kwa mfuatano huo, kama luseni kwa udongo wa mchanga wa juu, itogolo kwa udongo mgumu wa chini ya mteremko, na mbuga kwa ule mweusi wa bondeni, yameingia katika maandishi ya kitaalamu. Mkulima aliyeyatunga alikuwa amekwisha kufanya kazi ya kuainisha, ambayo ni hatua ya kwanza ya kila sayansi.

Nani alinde, na kwa sheria gani?

Kufunga ardhi ni rahisi kusema. Ng'ombe wa jirani hawasomi mbao za matangazo. Ulinzi wa ngitili ulitegemea vyombo ambavyo wananchi waliviamini: mkutano wa jadi uitwao dagashida, ambao hukubaliana juu ya kanuni na adhabu, na sungusungu, walinzi wa vijiji ambao walijitokeza katika miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo. Serikali za vijiji zilitunga sheria ndogo, na mradi ukafundisha, ukatumia maigizo, ngoma na nyimbo kueneza habari. Kwa mtafiti, vyombo hivi ni sehemu ya jaribio lenyewe. Jaribio la kitaluni lina ukuta na mlinzi. Jaribio lililotandaa katika mkoa mzima halina ukuta isipokuwa makubaliano ya watu.

Hesabu na tahadhari yake

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikishwa zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulikwisha mwaka 2004, na kufikia miaka hiyo makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kundi la wataalamu lililoundwa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, chini ya Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, lilichunguza faida zake na kutoa taarifa mwaka 2005. Kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, dawa, asali, matunda pori na vinginevyo vilipothaminiwa, ilionekana kuwa thamani yake ilifikia takriban dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini nchini ulikuwa takriban dola 8.50. Muda wa kutafuta kuni na maji ulipungua kwa saa kadhaa, na muda huo ulikuwa wa akina mama na wasichana.

Mwalimu asiziache tarakimu hizi zipite bila kuchunguzwa, kwa sababu zina mafunzo mengi kuliko sifa. Kwanza, hekta 600 za mwaka 1986 ni zile zilizoandikishwa. Hazithibitishi kwamba hapakuwa na ngitili nyingine ambazo hakuna ofisa aliyezijua. Yaelekea zilikuwapo, kwani neno na desturi havikuwa vimekufa. Mtu agawanyaye 300,000 kwa 600 na kusema ngitili ziliongezeka mara 500 anachanganya mambo mawili: kuongezeka kwa miti na kuongezeka kwa uandishi. Pili, bidhaa nyingi za ngitili hazina bei sokoni. Mzigo wa kuni alioukata mama kwa ajili ya jiko lake haujauzwa, na thamani yake hutegemea anayeulizwa. Mwanamume anayefuga na mwanamke anayepika hawatataja hesabu ileile. Tatu, hasara nazo zina haki ya kuhesabiwa: vichaka viliporudi, wanyama wa porini walirudi pia, na fisi hana habari za faida za hifadhi anapoingia zizini.

Jamii si mtu mmoja

Tarakimu ya wastani ina udhaifu mwingine, ambao wapenda ushirikishaji hawapendi kuutaja. Mwenye ng'ombe wengi huhitaji ngitili kubwa na ana uwezo wa kuimiliki. Asiye na ng'ombe hupata kuni na dawa, naye akihitaji malisho huenda akayalipia. Ardhi iliyofungwa kuwa ngitili ya mtu mmoja ni ardhi ambayo jirani maskini hawezi tena kuipitisha mbuzi wake. Dagashida ni chombo cha heshima, lakini desturi yake ni mkutano wa wanaume. Kwa hiyo mtafiti asemaye “jamii ilikubali” ameandika sentensi ambayo bado haijapimwa. Ni nani aliyekuwapo? Ni nani aliyesema, na ni nani aliyenyamaza kwa sababu mkwewe alikuwa ameketi mbele yake?

Dawa ya kasoro hii si kuacha kushirikiana na wananchi. Ni kutumia kanuni ileile ambayo mwanafunzi hufundishwa anapochukua sampuli ya udongo: hachoti mahali pamoja tu palipo karibu na barabara. Wafugaji na wakulima, wanaume na wanawake, wenye ardhi na wasio nayo, wazee na vijana, kila kundi lina haki ya kusikilizwa mahali ambapo laweza kusema.

Ujuzi ni mali

Ushirika una upande mwingine unaohusu haki. Katika ngitili zilizofufuliwa imo mitishamba mingi ya dawa, na waganga wa jadi waijua. Mtafiti akielezwa mti na matumizi yake, je, habari hiyo ni ya nani?

Afrika ya Kusini ilipata funzo lake kwa njia ngumu. Watu wa jamii ya San walikuwa tangu zamani wakitafuna mmea wa jangwani uitwao Hoodia ili kutuliza njaa na kiu wakati wa mawindo. Katika miaka ya 1990 baraza la utafiti la nchi hiyo lilijiandikishia haki ya uvumbuzi juu ya kemikali iliyomo ndani ya mmea huo, likaikodisha kwa makampuni, na Wasan hawakuulizwa. Baada ya kelele nyingi, mwaka 2003 mapatano yalitiwa sahihi ya kuwapa sehemu ya mapato. Mapato yenyewe hayakuwa makubwa, kwa kuwa makampuni makubwa yalijitoa moja baada ya jingine. Lakini jambo halikuishia hapo: mwaka 2017 Wasan wa Afrika ya Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa kila mtafiti atakaye kuingia kwao, zikidai heshima, ukweli, haki na kujali. Katika ngazi ya mataifa, Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeweka msingi kwamba atumiaye viumbe hai na ujuzi wa jadi unaoambatana navyo apate ridhaa kwanza na agawane faida.

Nchini Tanzania utafiti hufanywa kwa kibali. Kazi hiyo ilikuwa ya Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, UTAFITI, lililoundwa mwaka 1968, na baadaye ikawa ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kibali cha serikali ni cha lazima. Hata hivyo karatasi hiyo hailingani na ridhaa ya mganga ambaye mti wake unaandikwa daftarini, na mtafiti mwema hajifichi nyuma ya muhuri.

Kazi kwa darasa

Yaliyoelezwa yaweza kujaribiwa shuleni bila vyombo vya gharama. Wanafunzi wachague, pamoja na wazee na akina mama wa jirani, vipande viwili vya ardhi vyenye udongo na mteremko unaofanana, kila kimoja cha mita 10 kwa 10. Kimoja kizungushiwe miiba, kingine kiachwe wazi kama kawaida kiwe cha kulinganishia. Kabla ya uzio kukamilika vihesabiwe visiki hai na machipukizi katika vyote viwili. Wasipofanya hivyo watakuwa na tatizo lilelile la hekta 600. Kila mwezi watupe mara kumi fremu ya mita moja mraba ndani ya kila kipande, bila kuchagua mahali, wahesabu aina za mimea na kukadiria sehemu ya ardhi iliyofunikwa, kisha watafute wastani. Majina ya mimea waulize kwa wenyeji, na waandike jina la kienyeji kwanza. La Kilatini laweza kungoja.

Kabla ya yote hayo kuna mkutano mmoja, na ndio mgumu kuliko kupima. Wanafunzi waende na swali lao, walieleze, kisha wawaulize wenyeji: je, nyinyi mngetaka kujua nini juu ya ardhi hii? Huenda mzee mmoja akasema kipande walichokichagua ni njia ya ng'ombe kwenda kisimani, wala hakifai kufungwa. Huenda mama mmoja akasema kwamba nyasi si shida yake, ila angependa kujua ni kichaka gani chenye kuni zisizotoa moshi mwingi. Swali hilo nalo hupimika: mizani, moto, saa, na aina tatu za kuni zenye uzito sawa na ukavu sawa.

Mwisho wa muhula matokeo yaandikwe kwa Kiswahili katika karatasi kubwa yenye michoro na yasomwe mbele ya walewale waliohudhuria mkutano wa kwanza, kabla hayajapelekwa kwenye maonyesho ya shule. Mwenye kupinga apewe nafasi ya kupinga, na pingamizi lake liandikwe katika taarifa pamoja na jina lake, akiridhia. Uzio utaondolewa na nani, lini, na mbuzi wa nani wataingia kwanza, hayo yaamuliwe siku hiyohiyo.